Yabisi ya Soriasisi Katika Umri wa Ujana: Namna ya Kuifikia Tiba na Kupata Watu wa Kukusaidia

Imani kwamba maumivu ya viungo ni ya wazee ndiyo inayowachelewesha vijana wengi kupata tiba ya yabisi ya soriasisi, yaani ugonjwa wa viungo unaoandamana na soriasisi, maradhi ya ngozi yenye mabaka yanayobanduka magamba. Kijana anapolalamika kuwa vidole vyake vimekakamaa asubuhi, au kwamba kisigino kinamchoma anapokanyaga chini, huambiwa amelala vibaya, amecheza kupita kiasi au amekaa mno mbele ya kompyuta, naye huyapokea maelezo hayo kwa kuwa yanamtuliza. Ni kweli kwamba ugonjwa huu huanza zaidi kati ya umri wa miaka 30 na 50, lakini huwapata pia watu wenye miaka 20 na hata watoto, na uharibifu unaoufanya kwenye kiungo haurudi nyuma. Utafiti uliofanywa nchini Ireland na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa waliochelewa hata miezi 6 tu kumwona bingwa wa magonjwa ya viungo walikuwa na mmomonyoko mkubwa zaidi wa mifupa na ugumu mkubwa zaidi wa kufanya shughuli za kila siku kuliko wale waliowahi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya suala la muda: namna ya kufupisha kipindi kati ya dalili ya kwanza na tiba inayofaa, na namna ya kupata watu wa kuwa nao wakati wote huo.

Dalili za kuzichukulia kwa uzito

Yabisi ya soriasisi hutokea pale kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inapogeuka na kuleta mchochota, yaani uvimbe wenye joto na maumivu, kwenye viungo na kwenye sehemu ambazo kano hushikamana na mifupa. Hauambukizi, hautokani na uchafu, wala mtu haupati kwa sababu ya kulala kwenye baridi. Inakadiriwa kuwa hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi ya ngozi wanaweza kuupata. Kwa walio wengi ngozi hutangulia kwa miaka kadhaa, lakini wapo ambao viungo huanza kuuma kabla ya doa lolote kuonekana, na wapo wengine ambao soriasisi yao imejificha mahali ambapo hawajawahi kupaangalia: ndani ya nywele, nyuma ya masikio, kwenye kitovu, au katikati ya makalio. Mtu anayekitibu kwa miaka kile anachokiita mba sugu anafaa kumwonyesha daktari ngozi ya kichwa chake.

Tofauti kati ya maumivu ya kuchoka na maumivu ya mchochota ni ya msingi, na unaweza kuitambua ukiwa nyumbani. Maumivu ya kuchoka huzidi unapofanya kazi na hupungua unapopumzika. Maumivu ya mchochota huwa makali baada ya mapumziko, hasa asubuhi, pamoja na ukakamavu unaodumu zaidi ya nusu saa, kisha hulegea kadiri unavyotembea na kunyoosha viungo. Mgongo unaouma kwa namna hiyo, ukakuamsha usiku wa manane na kupata nafuu unapoinuka, unastahili kuchunguzwa. Dalili nyingine ni kidole kizima cha mkono au mguu kuvimba kama soseji, maumivu nyuma ya kisigino au chini ya unyayo yasiyoisha, vishimo vidogo vidogo kwenye kucha au kucha kubanduka kutoka kwenye nyama yake, na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Uchovu huo huonekana kama uvivu machoni pa wengine, na kijana hulaumiwa kwa jambo ambalo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Dalili moja haingoji miadi. Jicho likiwa jekundu, likauma, likachukia mwanga au likaona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa maana mchochota ndani ya jicho huandamana na ugonjwa huu na unaweza kudhuru uwezo wa kuona.

Kumfikia daktari anayehusika

Daktari unayepaswa kumfikia ni bingwa wa magonjwa ya viungo na baridi yabisi. Huyu si sawa na daktari wa upasuaji wa mifupa, ambaye wengi hupelekwa kwake kwanza na kurudishwa na dawa za maumivu peke yake. Katika nchi nyingi mabingwa hawa ni wachache na hupatikana kwa rufaa tu, hivyo kazi yako ya kwanza ni kumwezesha daktari wa kawaida aone haraka sababu ya kukuandikia rufaa hiyo.

Anza kwa kuweka kumbukumbu. Kwa muda wa wiki mbili au tatu andika kila siku ni kiungo gani kiliuma, ukakamavu wa asubuhi ulidumu kwa muda gani, na ni jambo gani ulishindwa kulifanya: kufunga vifungo vya shati, kushika kalamu hadi mwisho wa kipindi, kushuka ngazi, kufungua kifuniko cha chupa. Piga picha za uvimbe, madoa na kucha pale vinapokuwa vibaya, ukihakikisha tarehe inaonekana. Uvimbe wa ugonjwa huu huja na kuondoka, na ni jambo la kawaida kabisa kufika mbele ya daktari siku ambayo mkono umetulia. Picha ndiyo itakayokusemea. Ulizia pia kwa ndugu wa damu kama yupo mwenye soriasisi au maradhi ya viungo, kwa kuwa historia ya familia ni mojawapo ya mambo ambayo bingwa huyapima katika kutambua ugonjwa.

Lipo dodoso fupi liitwalo PEST ambalo madaktari hulitumia kuwachuja watu wenye soriasisi. Lina maswali 5: kama umewahi kuvimba kiungo, kama daktari amewahi kukuambia una ugonjwa wa viungo, kama kucha zako zina vishimo, kama umewahi kuumwa kisigino, na kama kidole kizima kimewahi kuvimba na kuuma bila sababu ya wazi. Jibu la ndiyo kwa maswali 3 au zaidi huhesabiwa kuwa sababu ya kumpeleka mgonjwa kwa bingwa. Lijaze kabla ya kwenda, kisha useme kwa ufupi na kwa heshima: "Daktari, nina soriasisi, viungo vyangu vinavimba, na kila asubuhi hukakamaa kwa karibu saa nzima. Naomba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya viungo ili yabisi ya soriasisi ithibitishwe au ikanushwe." Ombi la namna hiyo, lenye jina la ugonjwa na sababu zake, ni gumu kulipuuza kuliko maelezo ya jumla kwamba mwili unauma. Endapo bado utakataliwa, omba sababu ziandikwe kwenye faili lako, kisha tafuta maoni ya daktari mwingine. Kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Kama unatibiwa na daktari wa ngozi, usimfiche habari za viungo kwa kudhani hazimhusu. Yeye ndiye anayekuona mara nyingi, na katika maeneo yasiyo na bingwa wa viungo, daktari wa ngozi akishirikiana na daktari wa magonjwa ya ndani anaweza kuanzisha tiba huku akitafuta ushauri wa bingwa aliye mbali kwa njia ya simu. Hospitali za kufundishia za vyuo vikuu vya tiba ni mahali pazuri pa kuulizia.

Jiandae pia kwa suala la vipimo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi hurudishwa nyumbani. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha yabisi ya soriasisi. Vipimo vya baridi yabisi ya kawaida kwa kawaida havionyeshi kitu, vipimo vya kiwango cha mchochota vinaweza kuwa vya kawaida hata viungo vikiwa vimevimba, na picha ya eksirei mwanzoni mara nyingi haina kasoro. Kipimo cha ultrasaundi au cha MRI huweza kuona kile ambacho eksirei haikuona. Vigezo vya CASPAR, vilivyochapishwa mwaka 2006 na ambavyo hutumika hasa katika utafiti, hukusanya dalili za ngozi, kucha, vidole, historia ya familia na vipimo kwa pamoja, na hilo lenyewe linaonyesha kwamba utambuzi hutokana na kumwangalia mgonjwa mzima. Daktari huenda pia akapima asidi ya yuriki ili kuondoa uwezekano wa jongo, ugonjwa mwingine wa viungo unaoletwa na asidi hiyo. Majibu mazuri ya damu hayatoshi kufunga mjadala ikiwa kidole kimevimba mbele ya macho ya wote.

Kuzielewa dawa kabla ya kuzikubali au kuzikataa

Lengo la tiba ni kuuzima mchochota ili kiungo kisiharibike, na kupunguza maumivu ni sehemu tu ya lengo hilo. Dawa za kupunguza maumivu na uvimbe kama ibuprofeni na naproksini husaidia mtu mwenye ugonjwa mwepesi, lakini haziuzuii ugonjwa unaoendelea kula kiungo. Sindano ya steroidi, dawa yenye nguvu ya kutuliza mchochota, ndani ya kiungo kimoja kilichovimba inaweza kuleta nafuu kubwa. Vidonge vya steroidi hutumiwa kwa uangalifu, kwa kuwa soriasisi ya ngozi inaweza kulipuka vinapoachwa.

Kwa wengi dawa ya kwanza ya kudhibiti ugonjwa ni methotreksati. Dawa hii humezwa au huchomwa mara 1 tu kwa wiki, na kosa la kuimeza kila siku limewahi kuua watu. Chagua siku moja ya wiki, iandike kwenye boksi la dawa, na mwambie mtu mwingine nyumbani. Huandamana na vidonge vya asidi ya foliki ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni, na huhitaji vipimo vya damu na ini vya mara kwa mara. Pombe huongeza hatari kwa ini, hivyo mweleze daktari ukweli kuhusu unywaji wako. Matokeo huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Vijana wengi huiacha katika wiki ya nne wakidhani imeshindwa, na kipindi hiki cha kusubiri ndicho unachohitaji kuungwa mkono zaidi. Dawa nyingine za kundi hilo ni sulfasalazini na leflunomidi.

Zikishindwa, au ugonjwa ukiwa mkali, zipo dawa za kibayolojia ambazo huzuia kemikali mahususi za mchochota. Kundi la kwanza, lenye dawa kama adalimumabu na etanersepti, huzuia kemikali iitwayo TNF. Makundi mengine huzuia zile ziitwazo IL-17 na IL-23, na huwa na nguvu kubwa hasa kwenye ngozi. Kabla ya kuanza utapimwa kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini aina ya B na C, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuyaamsha maradhi yaliyolala. Kamilisha chanjo zako mapema: chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, kwa kawaida hazitolewi ukiwa tayari unatumia dawa hizi. Vipo pia vidonge vipya zaidi, ambavyo kila kimoja kina tahadhari zake.

Gharama ndiyo kikwazo kikubwa kwa kijana, na hapa lipo jambo la kulijua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu, na sasa zipo dawa zinazofanana nayo zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa bei ya chini. Muulize daktari au mfamasia kama dawa za namna hiyo zinapatikana, kama bima yako inazilipia na kwa masharti gani, na kama upo mpango wa msaada kwa wagonjwa. Uliza mapema ni lini bima ya mzazi itakoma kukuhudumia, maana vijana wengi hukatiwa dawa katikati ya matibabu siku wanapofikisha umri fulani au wanapomaliza masomo.

Kuhusu uzazi, zungumza hata kama hujafikiria kupata mtoto. Methotreksati na leflunomidi huweza kudhuru mimba, hivyo mwanamke anayezitumia anahitaji njia ya uhakika ya uzazi wa mpango na kuziacha kwa utaratibu wa daktari kabla ya kushika mimba. Leflunomidi hukaa mwilini muda mrefu na huenda ikahitaji dawa nyingine ya kuiondoa. Kwa mwanamume, sulfasalazini inaweza kupunguza mbegu za kiume, hali ambayo hurekebika dawa inapoachwa. Zipo tiba zinazoweza kuendelea wakati wa ujauzito, na ugonjwa huu peke yake haumzuii mtu kuwa mzazi. Ni afadhali swali hilo uliulize wewe, kwa sababu madaktari wengi husubiri mgonjwa alianzishe.

Dawa za mitishamba nazo zitajwe. Mwambie daktari kila unachotumia bila kuona haya, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hulidhuru ini lililokwisha kubebeshwa methotreksati, na baadhi ya unga unaouzwa kama tiba ya asili ya viungo umewahi kugunduliwa kuwa umechanganywa na steroidi kwa siri. Nafuu ya ghafla inayotoka kwenye unga usio na maelezo inapaswa kukutia shaka.

Katika kila ziara uliza swali hili: tunalenga kufika wapi, na tukishindwa kufika baada ya miezi mitatu tutabadilisha nini? Jaribio la tiba ya ugonjwa huu liitwalo TICOPA, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, lilionyesha kuwa wagonjwa waliopimwa kila baada ya wiki 4 na kubadilishiwa tiba hadi walipofikia lengo maalumu walipata nafuu kubwa kuliko waliofuatiliwa kwa utaratibu wa kawaida, ingawa pia walipata madhara zaidi ya dawa. Huenda hospitali yako haiwezi kukuona mara nyingi hivyo, lakini hata mgonjwa anayeonwa kila baada ya miezi mitatu anaweza kuwa na lengo lililoandikwa.

Mazoezi ni sehemu ya tiba. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha namna ya kuimarisha misuli inayokizunguka kiungo bila kukiumiza. Kuogelea, kuendesha baiskeli na kutembea hufaa kwa wengi. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 ya uzito kumehusishwa na dawa kufanya kazi vizuri zaidi.

Watu wa kuwa nao

Ni rahisi kutangaza kwamba unaumwa na ukabaki bila msaada wowote, kwa kuwa watu hawajui wafanye nini. Chagua wachache, watatu au wanne, na kila mmoja umwombe jambo moja linaloeleweka. Mzazi anaweza kukusindikiza kliniki na kuandika maneno ya daktari. Rafiki wa chumbani anaweza kukukumbusha siku ya methotreksati. Mchumba anahitaji kusikia kutoka kwako kwamba madoa hayaambukizi, na kwamba siku unayokataa kutoka si dalili ya kumchoka. Unaweza kusema tu: "Mama, asubuhi mikono yangu haifanyi kazi mpaka saa mbili. Naomba unisaidie kazi za mapema, na za jioni nitazifanya mimi." Kauli kama hiyo inamwambia mama ukubwa wa tatizo na inalinda heshima yako kama mtu anayechangia nyumbani.

Chuoni au kazini, omba barua ya daktari inayoeleza mahitaji yako badala ya kueleza ugonjwa wote: muda wa ziada katika mtihani wa kuandika kwa mkono, ruhusa ya kuinuka na kunyoosha viungo, ratiba isiyoanza alfajiri, ruhusa ya siku za kliniki. Iombe wakati una nafuu, kabla mambo hayajaharibika. Si lazima wenzako wote wajue. Anayepaswa kujua ni mwenye mamlaka ya kukupa nafasi hiyo.

Moyo nao huumwa. Sonona na wasiwasi ni vya kawaida zaidi kwa watu wenye ugonjwa huu, kwa sababu ya maumivu, usingizi mbovu na aibu ya ngozi inayoonekana katika umri ambao mtu anatazamwa sana. Ukiona wiki mbili zimepita huna hamu na kitu chochote, mwambie daktari wako kwa maneno hayohayo na uombe kuonana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Ukifikia hatua ya kufikiria kujidhuru, usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Wagonjwa wenzako watakupa kitu ambacho familia haiwezi kukupa, nacho ni habari za mtu aliyekwisha kupita njia hiyo. Vyama vya wagonjwa wa soriasisi vipo katika nchi nyingi, na vingi vimeungana chini ya shirikisho la kimataifa la IFPA. Siku ya Soriasisi Duniani, tarehe 29 Oktoba, na Siku ya Magonjwa ya Viungo Duniani, tarehe 12 Oktoba, ni nyakati ambazo hospitali na vyama huandaa mikutano ambapo unaweza kuwafahamu. Kama hakuna chama karibu nawe, muulize muuguzi wa kliniki kama anaweza, kwa idhini ya pande zote mbili, kukuunganisha na kijana mwingine anayetibiwa hapo. Katika kikundi chochote, sikiliza namna watu wanavyopanga siku zao, wanavyohifadhi sindano zao na wanavyozungumza na waajiri, lakini kipimo cha dawa cha mwenzako kisiwe chako, na anayekuhimiza uache dawa ili ununue kitu anachokiuza umkimbie. Ukipata maambukizi yenye homa wakati unatumia dawa za kibayolojia au methotreksati, pigia kliniki yako kabla ya kumeza au kuchoma dozi inayofuata, na namba ya kliniki hiyo iwe kwenye simu ya angalau mmoja wa wale watatu au wanne uliowachagua.